Kwa nini marehemu baba alikuwa akitua tanga kila alipopita Bulingugwe?

#1 Mwana wa Relwe (Luzira)
Wanajamvi, hamjambo. Wiki tatu zilizopita tulimzika baba huko Majanji, kando ya Ziwa Victoria, akiwa na umri wa miaka 86, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake utakaosomwa siku ya kumaliza matanga. Mengi ninayo: alizaliwa 1939, akaingia Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1959 kwenye meli ya Victoria, akahamia Port Bell, bandari ya Kampala, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki na reli ya Uganda, akastaafu 1994. Kuhusu kazi sina shida.

Shida yangu ni chombo chake mwenyewe, mashua ya mbao za mvule yenye urefu wa futi 18 na tanga moja la pembe tatu, ambayo hakuwahi kuipa jina kwa sababu alisema chombo chenye jina hudaiwa kodi. Kila Jumamosi aliyokuwa hana zamu aliitoa Luzira, na baada ya kustaafu akaihamishia Ggaba. Kila alipovuka kisiwa cha Bulingugwe, kabla ya kuingia maji mapana, alitua tanga, yaani alilishusha, akaiacha mashua ielee kwa dakika tatu au nne bila kusema neno, kisha akatweka tena na kuendelea. Hakuna hata mmoja wetu anayejua sababu, na mama alitutangulia zamani. Yeyote mwenye fununu anisaidie.

#2 Hajati wa Bombo
Pole sana, mwanangu, Mungu amlaze mahali pema. Usitafute mbali. Mzee alimpoteza mtu hapo. Marehemu mume wangu alikuwa askari, na kila tulipopita kwenye mwembe mmoja barabara ya Luwero aliacha kuzungumza hadi mwembe ukawa nyuma yetu, nami nilikaa naye miaka 31 bila kuambiwa ni nani aliyeachwa pale. Watu wa kizazi kile hawakuwa na desturi ya kueleza.

#3 Kafi Moja (Ggaba)
Mzee huyo nilimfahamu, alikuwa akiegesha jirani na mtumbwi wangu. Pole sana, ndugu. Ninamheshimu Hajati, lakini mimi ninaona jambo hili ni la upepo tu.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani mpaka asubuhi, na ndio uliokuwa ukimtoa Mzee. Jua likishapanda, nchi hupata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, na huo ndio uliokuwa ukimrudisha jioni akiwa ameshika usukani kwa vidole viwili kama mtu anayekunywa chai. Katikati ya pepo hizo mbili kuna shwari, yapata saa nne asubuhi, na mwenye kuondoka Ggaba saa moja au saa mbili akienda polepole anaweza kuikuta shwari hiyo karibu na Bulingugwe. Hapo tanga hulegea na kupigapiga mlingoti kama shuka iliyoanikwa, na kitambaa huchakaa bure. Mwenye akili hulitua.

#4 Msomaji wa Ramani (Jinja)
Rambirambi zangu kwa familia. Naomba kusahihisha jambo moja kabla wasifu haujachapishwa: meli ya Victoria haingeweza kumpokea baharia mwaka 1959. Iliundwa Skotlandi, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa na kuunganishwa upya Kisumu, na ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Ikiwa kweli Mzee aliajiriwa 1959, basi alianzia kwenye meli za zamani kama Usoga na Rusinga, ambazo ziliundwa karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kuhusu Bulingugwe, kisiwa hicho si kisiwa cha kawaida. Kabaka Mwanga alikimbilia hapo mwaka 1889 alipokuwa akipigania kurudi kwenye kiti chake cha ufalme wa Buganda, na Januari 1892, baada ya vita vya Mengo, jeshi la Lugard, kapteni Mwingereza, lilikishambulia kwa bunduki ya Maxim, na watu wengi wakazama walipokuwa wakitoroka kwa mitumbwi. Wazee wengi wa ghuba ile walikuwa na heshima kwa maji hayo. Sisemi ndiyo sababu, ila ninasema isipuuzwe.

#5 Bonge la Namugongo
Pole, kaka. Ninyi nyote mnazunguka tu. Mzee alikuwa na kiko, mama hakupenda moshi nyumbani, na upepo hauruhusu kuwasha kiberiti tanga likiwa juu. Dakika nne ndizo hasa zinazotosha kuvuta kiko kimoja. Andika hivyo kwenye wasifu na watu watacheka, jambo ambalo si baya kwenye matanga.

#6 Mwana wa Relwe
Shukrani kwenu nyote. Msomaji wa Ramani (#4) ana haki kuhusu mwaka. Nimekitazama tena kitambulisho chake cha kazi kwa tochi: tarakimu mbili za mwisho nilizozisoma kuwa 59 ni 61 zilizoingiwa na kutu ya pini. Ni 1961, kwa hiyo alianza akiwa na miaka 22, na kweli ilikuwa Victoria ikiwa mpya. Bonge, baba hakuvuta kiko wala sigara maisha yake yote.

Maelezo ya Kafi Moja yalinivutia sana kwa sababu ninajua jinsi baba alivyouchunga upepo, lakini yanakwama mahali pamoja. Alitua tanga hata upepo ulipokuwa mzuri, na nimewahi kumwona akilitua saa nane mchana tukiwa tunarudi, upepo wa ziwa ukiwa mgongoni na mashua ikikimbia. Sijawahi kuona mtu akiutupa upepo kama ule.

Niwaelezeni ninavyokumbuka. Nilikuwa na miaka tisa nilipochukuliwa mara ya kwanza. Kapi juu ya mlingoti lilikuwa na mlio, nalo baba alilipaka sabuni badala ya mafuta kwa sababu mafuta, alisema, huvuta vumbi. Alifungua henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na foromali, yaani mti unaolibeba tanga, ikashuka ikilia, tanga likanifunika mzima, nami nikabaki gizani katika harufu ya moshi na samaki mkavu. Nilipojitoa nilimkuta amekaa upande wa kulia, mkono wake uko ndani ya maji hadi kwenye kifundo, umetulia, haupigi maji wala hautafuti kitu. Baadaye akaukung'uta na kusema, "Haya, tweka." Ni hayo tu.

Na jambo moja zaidi: tulipoisafisha mashua baada ya mazishi tulikuta chini ya ubao wa tezi, yaani nyuma ya mashua, kikopo cha bati chenye buni zilizokauka, kama kiganja kimoja.

#7 Mjukuu wa Mukasa (Kalangala)
Buni? Ndugu yangu, jibu umelishika mkononi na bado unauliza. Sisi wa Ssese tunajua kwamba ziwa lina mwenyewe, naye ni Mukasa, lubaale, yaani mungu wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe, na kwa Kiganda ziwa hili linaitwa Nalubaale. Bibi yangu, aliyekuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, hakuvuka kutoka Bukakata bila kudondosha buni chache majini kabla ya kuondoka. Anayetua tanga huonyesha kwamba hajivuni kwa nguvu za upepo wake, anayeweka mkono majini husalimia, na anayebeba buni hutoa. Mzee alikuwa akiomba njia.

#8 Mtu wa Majanji
Poleni sana; mimi nilikuwapo mazishini. Mjukuu wa Mukasa anazungumza vizuri, lakini marehemu alikuwa Msamia wa Majanji, si Muganda wa visiwani. Sisi tulijifunza tanga pamoja na jirani zetu Wajaluo, upande wa Port Victoria na Sigulu, na huko kwetu mashua zenye matanga na omo, yaani sehemu za mbele, zilizopakwa rangi hazikuisha hata wenzetu wa upande wa Buganda walipohamia injini. Marehemu akiwa kijana alikuwa akishindana kufika Sigulu na kurudi, na wazee wanasema alikuwa hodari wa kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata kushoto na kulia, kiasi kwamba wengine walishusha matanga na kupiga kasia huku yeye akiendelea. Sikumbuki hata mara moja akitua tanga katikati ya safari kwetu. Kwa hiyo jambo hili alilipatia huko Luzira.

#9 Mjukuu wa Mukasa (Kalangala)
Mtu wa Majanji, mtu akihamia nyumba ya watu hujifunza kubisha hodi ya hapo. Alikaa Luzira tangu miaka ya 60. Tena umenisaidia wewe mwenyewe: kwenu hakutua, kwa Mukasa alitua.

#10 Mpwani Kampala
Makiwa, ndugu. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Kampala na biashara, na ninakiri nimefurahi kusikia maneno kama henza, foromali na kubisha katika uzi wa Uganda. Bila shaka Mzee aliyapata Kisumu kwa mabaharia waliotoka pwani, maana Kiswahili cha reli kilibeba vitu vingi zaidi ya mabehewa.

Ninataka kuongeza hoja ya kiufundi. Anayetaka kupumzika au kusimama kidogo hana haja ya kutua tanga. Hulegeza demani, ile kamba ya kushikia pembe ya chini ya tanga, upepo ukapita bure na chombo kikapunguza mwendo chenyewe. Kutua ni kazi: foromali ni nzito, na kuitweka upya ni kazi mara mbili, hasa kwa mzee wa miaka 70 na kitu aliye peke yake. Kwa hiyo maelezo yoyote ya mapumziko, kiko au mikono kuchoka yaondolewe. Aliyefanya hivyo alitaka tanga lisiwepo juu.

Na kwa kuwa tumo katika matanga, niseme pia kwamba kwetu neno hilo ni moja: matanga ya chombo na matanga ya msiba, na anayemaliza msiba husemwa ameanua tanga. Huenda Hajati (#2) alikuwa karibu zaidi kuliko alivyodhani.

#11 Msomaji wa Ramani (Jinja)
Tuwe waangalifu na maneno yanayofanana. Kufanana kwa matanga na matanga kunapendeza masikioni, lakini hakuthibitishi kilichokuwa moyoni mwa baharia wa Kisamia.

#12 Mpwani Kampala
Sikusema kunathibitisha, mwalimu. Nilisema huenda.

#13 Mla Mukene (Kajjansi)
Poleni. Ninadhani ni ajali ya Kabalega. Meli ile ilizama na Mzee alikuwa mtu wa meli. Lazima aliwafahamu waliokuwa ndani.

#14 Baharia Mstaafu (Kisumu, zamani Port Bell)
Kwanza nimsahihishe aliyetangulia. Kabalega ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa, na ilikuwa mbali kusini, upande wa visiwa vya Ssese, wala si Bulingugwe. Marehemu alikuwa amestaafu miaka kumi na moja kabla ya hapo, na desturi yake ilikuwa ya zamani zaidi, kwa maana mimi niliiona nikiwa kazini.

Nilifanya kazi naye, nami ninampa pole mwanawe, ambaye nilimbeba begani siku moja gatini, ingawa hatakumbuka. Baba yako alikuwa mtu wa kanuni kuliko sote. Miaka ya 60 zililetwa meli za mabehewa, Umoja na Uhuru, ambazo zilibeba treni nzima tumboni, na meli ya namna hiyo ikiwa inatoka Port Bell haiwezi kukwepa kimashua kwenye njia nyembamba ya kina. Watu wengi hudhani chombo cha tanga kina haki mbele ya chombo cha injini popote pale. Kwenye maji mapana ni kweli kwa kawaida, lakini kanuni inasema pia kwamba chombo cha tanga kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila katika mlango mwembamba. Marehemu aliikariri kanuni hiyo kama sura ya msahafu. Ninaamini alitua tanga ili asikilize na kutazama nyuma, kwa sababu tanga la pembe tatu humficha nahodha upande mzima, na tanga linalopiga kelele humzuia kusikia injini. Mkono majini? Injini kubwa huisikia kwa maji kabla ya kuisikia kwa sikio. Jaribuni.

#15 Kafi Moja (Ggaba)
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kusikia injini kwa mkono nimelijaribu leo asubuhi wakati boti la mchanga lilipopita, na nilichosikia ni baridi.

#16 Baharia Mstaafu
Marahaba. Boti la mchanga si Umoja.

#17 Mla Mukene (Kajjansi)
Nimekubali kosa la Kabalega. Lakini sasa ninyi wazee mnazunguka jambo ambalo kila mtu wa umri wenu analijua. Miaka ya 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda sana duniani, kahawa ya Uganda ikawa inavushwa usiku kwa mashua kwenda Kenya, na serikali ya Amin ikaunda kikosi cha kuzuia magendo ziwani kilichoongozwa na Mwingereza Bob Astles. Tanga jeupe huonekana kwa mbali sana hata kwa mwanga wa mwezi. Mtu mwenye mashua isiyo na injini, isiyo na jina, anayejua kila upepo, ambaye hutua tanga kabla ya kuingia maji mapana, hukaa kimya dakika nne akisikiliza kama kuna boti la doria, kisha hutweka: mnataka niwachoree picha? Na kikopo chenye buni pia mnasema ni cha Mukasa!

#18 Bonge la Namugongo
Mla Mukene ameingia kwa dagaa, ametoka kwa sangara.

#19 Mwana wa Relwe
Nimesoma #17 mara mbili na nimeona afadhali ninywe chai kabla ya kujibu. Baba alitulea watoto saba kwa mshahara wa reli, na miezi ambayo mshahara haukuja tulikula samaki aliowavua mwenyewe. Kama alikuwa mfanyabiashara wa magendo, alikuwa mbovu kuliko wote waliopata kuwepo, kwa sababu nyumba yetu ilipigwa lipu mwaka 1991.

Hata hivyo sitasema haiwezekani. Kuna majira fulani nilipokuwa mdogo ambapo hakutuchukua kabisa majini, na mama akitutaka tulale mapema. Sikupata kulifikiria hadi leo, na ninakiri kwamba silipendi.

#20 Hajati wa Bombo
Mwanangu, usione haya. Miaka ile sabuni ilikuwa magendo, sukari ilikuwa magendo, chumvi ilikuwa magendo. Aliyelisha watoto saba alifanya alichoweza. Lakini mimi bado ninasema kuna mtu aliyepotea hapo.

#21 Dada Mkubwa (Luzira)
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni dada yake aliyeuanzisha, kifungua mimba, na ninashangaa kwamba ameuliza Uganda nzima kabla ya kuniuliza mimi ninayeishi nyumba ya pili.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa 1971. Ninaujua mwaka kwa sababu nilikuwa nimevaa sare mpya ya darasa la kwanza, nami nilikemewa kwa kuilowesha. Baba alitua tanga hapo hapo, Bulingugwe ikiwa nyuma yetu mkono wa kulia, na mimi niliuliza, jambo ambalo wadogo zangu hawakulithubutu. Alinijibu hivi, na ninayaandika maneno yake kama yalivyokuwa: "Hapa tunamwachia anayepita." Nikatazama pande zote. Hapakuwa na mtu yeyote wala chombo chochote. Nikauliza ni nani, naye akanipa kopo nifue maji, yaani niyatoe chomboni, ingawa hapakuwa na maji ya kutosha kufua.

Kwa hiyo magugu maji yaliyoijaza Port Bell miaka ya 90, ambayo shemeji yangu anadai ndiyo yaliyomfundisha kusimama hapo na kusafisha usukani, yanaondoka. Magendo ya 1976 nayo yanaondoka.

#22 Mla Mukene (Kajjansi)
Dada, shikamoo. Magendo hayakuanza 1976. Mwaka huo ndipo yaliponoga. Ila nimepunguza sauti.

#23 Baharia Mstaafu
"Tunamwachia anayepita." Nimeyasoma maneno hayo nikacheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuniangalia. Ndiyo kanuni yenyewe, neno kwa neno! Meli ya mabehewa hupita, mashua humwachia. Dada hakuona mtu siku ile kwa sababu ratiba ilikuwa kichwani mwa baba yake. Alijua ni saa ngapi Umoja inang'oa nanga, akampa nafasi hata ilipochelewa.

#24 Mjukuu wa Mukasa (Kalangala)
Na mimi nimeyasoma nikapigwa na baridi. Mtu hasemi "anayepita" kuhusu behewa. Mtoto aliangalia akaona hapakuwa na mtu, na mzee akabadilisha mazungumzo kwa kumpa kopo. Kwetu jina la mwenye ziwa halitajwi ovyo juu ya maji.

#25 Hajati wa Bombo
Wala "anayepita" si lazima awe meli au pepo. Waliopita ni waliotutangulia.

#26 Msomaji wa Ramani (Jinja)
Kisarufi, Hajati, "anayepita" ni wakati uliopo na "aliyepita" ni uliopita. Lakini ningetaka kujua maneno hayo yalisemwa kwa lugha gani, kwa maana kama yalisemwa kwa Kisamia na yametafsiriwa, basi tunapima kivuli.

#27 Dada Mkubwa
Kwa Kiswahili. Nyumbani alitumia Kisamia, kwa majirani Kiganda, lakini ndani ya mashua alizungumza Kiswahili tu, hata kwa mama, ambaye hakukipenda. Alisema upepo haujui lugha nyingine.

#28 Mtu wa Majanji
Hapo umemleta mbele yangu mzima. Hata kitandani siku za mwisho aliuliza kwa Kiswahili kama upepo umegeuka.

#29 Bonge la Namugongo
Ninaondoa utani wa kiko. Nina swali la kweli: alipokuwa mzee sana na hawezi tena kuitoa mashua, alifanya nini?

#30 Kafi Moja (Ggaba)
Hilo ninaweza kulijibu. Alikuwa na kiti cha plastiki ambacho alikiacha kwangu, naye alikuja kwa boda boda kila Jumamosi na kukaa pale penye mawe, akitukosoa. Mei 2020 ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo hata kiwango cha 1964, mahali pa kiti pakawa maji hadi kifuani, na kulikuwa na karantini juu yake. Akanipigia simu kuniuliza maji yamefika wapi. Nikamwambia yamepita kiti. Akanyamaza, kisha akasema aliyaona yakipanda vile alipokuwa kijana, yakachukua bustani ya mama yake Majanji yote, na kwamba nisihamishe kiti, yatashuka yenyewe. Kiti kilielea, kikaenda zake. Nilimnunulia kingine nikakipaka tope ili asitambue. Alitambua.

#31 Mpwani Kampala
Kafi Moja, kiti hicho kingestahili uzi wake.

Nikirudi kwenye mada, nina swali kwa Dada Mkubwa au kwa nduguye: buni zile zilikuwa mbichi zilizokaushwa zikiwa na maganda, au zilizochemshwa na viungo kama zile za kutafuna ambazo Waganda huwakaribishia wageni? Baharia wa zamu ya usiku hutafuna kahawa ili asilale, na hilo nalo ni jibu lisilohitaji Mukasa wala Bob Astles.

#32 Dada Mkubwa
Ni za kutafuna. Nimezinusa, zimebaki na harufu kidogo ya majani yaliyochemshiwa. Lakini baba hakuwa na meno ya kutafunia kitu kama hicho kwa miaka isiyopungua kumi, na kikopo hakina kutu ndani.

#33 Mjukuu wa Mukasa (Kalangala)
Ninanyamaza. Wenye masikio wamesikia.

#34 Baharia Mstaafu
Huenda alimwekea mgeni. Mashua nayo ni nyumba.

#35 Mwana wa Relwe
Asanteni sana, nyote, hata Mla Mukene. Jana usiku tulikaa mimi na dada tukaisoma rasimu ya wasifu. Yeye alitaka niandike kanuni ya Baharia Mstaafu kwa sababu itaeleweka na wageni kutoka reli. Mimi nilielekea kwa Hajati. Na mjomba wetu, aliyekuwa amelala kwenye kochi kwa maoni yetu, akafumbua macho na kusema kwamba mwaka 1966 kulikuwa na kijana wa Kisamia aliyefanya kazi na baba ambaye alirudi kwao bila kuaga, akafumba tena. Asubuhi tulipomuuliza alisema hakusema kitu chochote.

Kwa hiyo katika wasifu nimeandika kwamba alitua tanga kila alipopita Bulingugwe, nikaandika alivyouweka mkono, nikaweka maneno yake ya 1971 kama dada alivyoyasikia, nikaendelea na aya ya kustaafu. Padre ameniuliza kama kuna ukurasa uliopotea.

Sasa ninaomba msaada wa mikono. Jumamosi kabla ya matanga kumalizika tunataka kuitoa mashua mara moja, mimi, dada na mwanangu, na hakuna kati yetu anayejua kutweka bila kuangushiwa foromali kichwani.

#36 Kafi Moja (Ggaba)
Nitakuwepo. Muwe hapa saa kumi na mbili na nusu, mashua iwe majini kabla ya saa moja, maana upepo wa nchi kavu ukifa mtatoka kwa kasia. Nimeitazama leo: mbao ni nzima, kapi limekauka linahitaji sabuni, lakini henza imeoza karibu na fundo na haitabeba foromali hata mara moja. Nunua kamba mpya mita kumi na tano, unene wa kidole cha mwisho, isiwe ile ya nailoni ya bluu inayoteleza. Jaketi za kujiokolea ninazo tatu. Ya mtoto leteni yenu.